Tk na herufi zenye toni: zana ya madirisha mikononi mwa mwanaisimu

Katika makala hii ninajadili seti moja ya zana za kutengenezea madirisha ya kompyuta, iitwayo Tk, kwa jicho la mtu anayesoma lugha za Kiafrika. Swali langu ni jembamba. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kujitengenezea programu ndogo ya kamusi, au ya kuwekea alama matini aliyokusanya uwanjani, je, afadhali achague Tk au aiache? Wahandisi wameandika mengi kuhusu kasi yake na sura yake. Mimi nimeitumia kwa mwaka mmoja kuandaa orodha ya maneno ya Lingala na ya Kiswahili cha Lubumbashi, na nguvu na udhaifu nilioukuta haupo mahali ambapo wahandisi huutafuta.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Programu yoyote yenye madirisha ina vitu vinavyorudi kila mara: kitufe cha kubonyeza, kisanduku cha kuandikia neno moja, uwanja wa maandishi marefu, orodha, menyu. Kuvichora upya kila unapoandika programu ni kujichosha bure. Kwa hiyo kuna watu walioviandaa mara moja, na sisi wengine tunaviita kwa jina: lete kitufe, kiweke hapa, mtu akikibonyeza fanya hivi. Kila kimoja huitwa wijeti, na wijeti zote pamoja na kanuni za kuzipanga ndizo seti ya zana. Tk ni moja, Qt ni nyingine, GTK nyingine.

Tk ilitoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mikononi mwa John Ousterhout. Alianza na lugha ndogo ya programu iitwayo Tcl mwaka 1988, kisha akaiongezea Tk miaka michache baadaye. Mwaka 1997 jumuiya ya wanakompyuta ya ACM ilimpa tuzo yake ya mifumo ya programu kwa kazi hiyo. Leo ni wachache wanaoandika Tcl yenyewe. Wengi tunaifikia Tk kupitia lugha ya Python, ambayo ina daraja liitwalo tkinter. Sisi watu wa isimu tumekuwa tukiigusa Tk bila kujua: Transcriber, programu iliyotumika kunakili sauti za redio na mahojiano, iliandikwa kwa Tcl/Tk. WaveSurfer ya Stockholm, ya kuchunguza mawimbi ya sauti, vilevile. Na aliyewahi kuchora mti wa sentensi kwa NLTK, dirisha lililofunguka mbele yake lilikuwa la Tk.

Wepesi wake

Sifa ya kwanza ni ya mfukoni. Kifurushi cha Python cha Windows hakifiki megabaiti 40, na Tk imo ndani yake. Unakipakua mara moja, unakiweka kwenye flash, unapita nacho kwa promosheni nzima. Kwenye Ubuntu na Debian inabidi kuongeza kifurushi cha python3-tk, ambacho nacho ni kidogo. Qt kwa Python, ukiitaka yote, ni mamia ya megabaiti. Anayenunua intaneti kwa siku au kwa wiki anajua tofauti hiyo bila kuelezwa. Tena programu ikishaandikwa haihitaji mtandao hata kidogo, jambo ambalo ni la lazima kwa anayekwenda kukusanya maneno kijijini ambako hata chaji ya simu ni ya kutafuta.

Sifa ya pili ni kwamba mwanzo wake ni mfupi. Mistari ifuatayo inafungua dirisha lenye uwanja wa kuandikia, na kumwezesha mwenye kibodi ya Kifaransa kupata herufi ɔ kwa kubonyeza Control pamoja na o:

import tkinter as tk

dirisha = tk.Tk()
dirisha.title("Kamusi")
ukurasa = tk.Text(dirisha, font=("Charis SIL", 14), undo=True)
ukurasa.pack(fill="both", expand=True)

def weka_o(tukio):
    ukurasa.insert("insert", "ɔ")
    return "break"

ukurasa.bind("<Control-o>", weka_o)
dirisha.mainloop()

Majina ya Kiswahili niliyoyatumia si pambo. Python inayakubali, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiona ukurasa na weka_o anatenganisha mara moja maneno ya lugha ya programu na maneno ya mwandishi. Mstari wa kuangalia ni ule wenye "break". Uwanja wa Text una desturi zake tangu zamani, na mojawapo ni kwamba Control na o hufungua mstari mpya. Bila "break" utapata ɔ yako pamoja na mstari usiouomba. Tk imejaa desturi za namna hiyo. Zimeandikwa zote, lakini lazima uzisome.

Wijeti ya Text

Hapa ndipo ninapoisifu Tk bila kusita. Wijeti ya Text ni uwanja wa maandishi, lakini pia inakuruhusu kubandika lebo juu ya kipande chochote cha maandishi. Unaipa lebo jina, unaiambia ionekane vipi, kisha unataja inaanzia wapi na kuishia wapi. Mahali hutajwa kwa mstari na herufi: "1.0" ni mstari wa kwanza kabla ya herufi ya kwanza. (Mistari inahesabiwa kuanzia 1 na herufi kuanzia 0. Sijui nani alifurahia kupanga hivyo, lakini mtu huzoea.)

Jambo zuri kwa mwanaisimu ni kwamba lebo zinaweza kupishana. Katika uandishi wa XML alama lazima ziingiane kama sufuria ndani ya sufuria: ukifungua kirai ndani ya sentensi, sharti ukifunge kabla ya kuifunga sentensi. Lugha inayosemwa haina adabu hiyo. Mtu anapumua katikati ya kirai. Mwenzake anaanza kusema kabla yeye hajamaliza. Anaingia Kifaransa kwenye neno la tatu na kutoka kwenye la nane, huku sentensi ya Kiswahili ilikwisha kwenye la sita. Katika Tk unaweka lebo ya "kifaransa" kuanzia neno la tatu hadi la nane, lebo ya "sentensi" kuanzia la kwanza hadi la sita, na hazigombani. Kwa anayechunguza uchanganyaji wa lugha Lubumbashi, hii peke yake inatosha kumvutia.

Bei yake ni kwamba Text haina umbo lake la faili. Ukifunga dirisha, lebo zote zinakwenda. Ipo amri ya dump inayokutolea maandishi pamoja na kila mahali lebo inapofunguka na kufungwa, lakini kuyahifadhi na kuyarudisha ni kazi yako. Hiyo ni jioni moja ya kazi, si zaidi, lakini ifanye kabla hujaweka lebo mia mbili.

Toni

Sasa tufike kwenye kiini. Chukua maneno matatu ya Lingala: moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni moto unaowaka. Katika uandishi wa kila siku yote matatu huandikwa "moto", na msomaji huelewa kwa muktadha. Kamusi haina anasa hiyo. Ikipoteza alama moja ya toni, imemgeuza mtu kuwa kichwa.

Unicode, mfumo unaoipa kila herufi ya dunia namba yake, umezipokea herufi hizi kwa njia isiyolingana. Herufi ó ina namba yake moja, U+00F3, kwa sababu Kihispania, Kireno na lugha nyingine za Ulaya zinaitumia. Inaweza pia kuandikwa kwa namba mbili: o ya kawaida, kisha alama ya toni ya juu, U+0301. Lakini ɔ́ haina namba yake. Lazima iwe mbili, U+0254 kwa ɔ na U+0301 kwa toni. Jicho linaona irabu moja yenye kikwezo katika maneno yote mawili. Kompyuta inaona vitu tofauti.

Tk inahesabu namba. Haihesabu kile ambacho msomaji angekiita herufi. Kwa hiyo motó inaweza kuwa na urefu wa 4 au wa 5, kutegemea ilivyochapwa, na mɔ́tɔ ni 5 daima: m, ɔ, toni, t, ɔ. Ukipaka rangi "herufi nne za kwanza" ukidhani umepaka neno zima, ɔ ya mwisho itabaki nje. Hilo linaonekana, kwa hiyo linarekebishika. La hatari zaidi ni la kutafuta. Ukimwambia Text akutafutie "moto", na motó imeandikwa kwa ó ya namba moja, hataipata, sawa kabisa. Ikiwa imeandikwa kwa namba mbili, ataipata, kwa sababu m-o-t-o zimo zote na toni inafuata nyuma yake. Orodha moja iliyochapwa na watu wawili kwenye kompyuta mbili itatoa majibu mawili kwa swali moja, na hakuna atakayeambiwa. Mtu atahesabu mara ngapi neno "mtu" limetokea, ataweka namba hiyo kwenye tasnifu yake, na ndani yake mtakuwa na vichwa kadhaa.

Je, hili ni kosa la Tk? Nusu tu. Qt nayo haitakurekebishia utafutaji huo. Lakini kuna sehemu ambayo ni ya Tk yenyewe, nayo ni kasa, yaani kile kimstari kinachowakawaka kuonyesha mahali pa kuandikia. Katika toleo la 8.6 ninalotumia kwenye Linux, kasa husimama kati ya ɔ na toni yake. Unabonyeza mshale wa kulia, kasa haionekani kusogea. Unabonyeza tena, inaruka. Uchoraji nao una tatizo lake. Kwenye Linux, Tk 8.6 huchora herufi moja baada ya nyingine bila kumuuliza yule fundi wa ndani ya fonti anayejua toni ikae wapi juu ya irabu ipi. Fonti nzuri kama Charis SIL ina maelekezo hayo yote, lakini hakuna anayeyasoma. Toni inatua pembeni kidogo, au inagusa kichwa cha herufi, kwa bahati ya fonti. Qt na GTK huyasoma, na ɔ́ inatoka kama ilivyo kwenye kitabu kilichochapwa vizuri.

Nikiri hata hivyo kwamba jambo moja linalolalamikiwa mimi nalipenda. Ukibonyeza kitufe cha kufutia baada ya ɔ́, Tk inafuta toni peke yake na kuiacha ɔ. Kwa mchapaji wa barua ni kero. Kwa mtu anayesikiliza rekodi mara ya tano na kubadili mawazo kuhusu toni, ndicho hasa anachotaka: irabu haina shaka, toni ndiyo inayobishaniwa.

Hapo ndipo uamuzi wa kiisimu unapoingia katika uamuzi wa kompyuta. Python ina amri ya kuyaleta maandishi yote kwenye umbo moja. Umbo la NFC linaunganisha kila kinachounganika. Umbo la NFD linatenganisha kila kinachotenganika. Mafunzo mengi yanapendekeza NFC. Kwa lugha za toni mimi napendekeza NFD, kwa sababu NFC haiwezi kukamilisha kazi yake: itaunganisha ó na kuiacha ɔ́, na orodha yako itabaki na aina mbili za irabu zenye toni. NFD inazitendea zote sawa. Tena inakaribiana na namna tulivyofundishwa kuifikiri toni tangu John Goldsmith alipoandika mwaka 1976, kwamba toni ina safu yake juu ya safu ya irabu na konsonanti. Ukiwa na NFD unaweza kuiondoa safu hiyo unapotafuta, bila kuigusa kwenye kamusi:

from unicodedata import normalize

TONI = "\u0300\u0301\u0302\u030c"

def bila_toni(neno):
    neno = normalize("NFD", neno)
    return "".join(h for h in neno if h not in TONI)

Alama nne zilizotajwa ni toni ya chini, ya juu, ya kushuka na ya kupanda. Nimezitaja moja moja kwa makusudi. Ipo njia fupi ya kuondoa kila alama inayokaa juu ya herufi, lakini itaondoa pia tilde, ambayo katika lugha kadhaa huonyesha unazali wa irabu wala si toni. Na amri hii itumike kwenye safu ya Lingala tu. Ukiipitisha kwenye safu ya tafsiri za Kifaransa, marché itageuka marche, na soko litakuwa ngazi.

Kutoka hapo, linalobaki ni kuamua mahali pa kusafisha. Katika programu yangu kila neno hupitishwa NFD mara tu mwandishi anapotoka kwenye kisanduku, kwa kufunga tukio la <FocusOut>. Tk inafanya hilo kwa mstari mmoja. Kwa hiyo ninasema Tk haijui toni, lakini haikuzuii kuijulisha.

Miandiko mingine ya Afrika haina bahati hiyo. Adlam, mwandiko ambao ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, waliubuni nchini Guinea kwa ajili ya Kifulani, uliingia Unicode mwaka 2016, katika namba zilizo juu ya U+FFFF. Tcl ya mfululizo wa 8 ilijengwa kwa kuamini kwamba namba zinaishia hapo, na matoleo ya zamani ya Python yalikataa kabisa kupitisha herufi kama hizo kwa Tk. Toleo la 9.0, lililotoka mwaka 2024, limeondoa kikomo hicho. Lakini Adlam huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kwenye Linux Tk 8.6 haigeuzi mwelekeo wa maandishi wala haiungi herufi za Kiarabu. Anayetaka kunakili hati za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu asipoteze muda wake na Tk kwenye mashine kama yangu. Atapata herufi zilizotengana, zimepangwa kinyume.

Vitufe vinasema lugha gani?

Kisanduku cha Tk kinapouliza "una hakika?", vitufe vyake huandikwa kwa lugha gani? Kwenye Windows kisanduku hicho huchorwa na Windows yenyewe, kwa hiyo Lubumbashi utaona Kifaransa. Kwenye Linux ni Tk inayokichora, na maneno hutoka kwenye mafaili madogo ya tafsiri yanayokuja pamoja nayo. Nilifungua saraka hiyo. Kuna Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kigiriki, Kihungari, Kidenmaki. Kuna Kiesperanto. Kiswahili hakuna. Cha ajabu ni kwamba Tcl, iliyo chini ya Tk, ina faili la Kiswahili kwa ajili ya tarehe. Jaribu mstari huu, ukibadilisha jina la dirisha lako:

print(dirisha.tk.eval('clock format [clock seconds] -locale sw -format "%A"'))

Itakujibu Jumatatu, au Alhamisi, au siku yoyote iliyopo. Kwa hiyo mashine inajua leo ni siku gani kwa Kiswahili, ila haijui kusema ndiyo na hapana.

Kuiongezea si vigumu. Kila tafsiri ni mstari mmoja unaosema kwamba "&Yes" kwa lugha sw ni "&Ndiyo"; alama ya & inaonyesha herufi itakayopigwa mstari chini. Ugumu ni wetu. "Ndiyo" na "Hapana" hazina ubishi. "Cancel" je? Kamusi za kompyuta za Afrika Mashariki husema "Ghairi". Niliwaonyesha wenzangu wawili waliozaliwa Lubumbashi kitufe chenye neno hilo. Mmoja alidhani ni jina la mtu. Wote wawili walisema wangeelewa "Annuler", kwa sababu simu zao zinasema hivyo, na wangeelewa "Acha". Nimeweka "Acha", nikijua kwamba msomaji wa Dar es Salaam ataliona neno hilo ni la amri mno.

Jambo la ndani zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Ujumbe wa programu kwa kawaida hujengwa kama sentensi yenye tundu: "Je, unataka kufuta %s hii?", na %s hujazwa baadaye. Aliyebuni mtindo huu alikuwa na lugha ambamo neno linalozunguka nomino halibadiliki. Jaza tundu hilo kwa Kiswahili: sentensi hii, sawa, lakini neno hili, mfano huu, maelezo haya. Mifumo ya tafsiri iliyoendelea zaidi, Qt ikiwemo, inajua kuuliza kama kitu ni kimoja au vingi. Haiulizi ngeli. Tk haiulizi hata idadi. Suluhisho langu ni la mkono: jedwali dogo ambamo kila nomino ya programu inakwenda na kionyeshi chake. Nomino zenyewe ni sita, kwa hiyo hakuna shida. Programu yenye nomino mia sita ingehitaji kuelezwa ngeli kama tunavyomweleza mwanafunzi mgeni.

(Mwenzangu mmoja ameniambia, kwa utani, kwamba tundu la %s linafaa Kiswahili cha mtaani Lubumbashi kuliko Kiswahili sanifu, kwa kuwa mtu anayesema "kitabu yangu" atasema pia "kitabu hii" bila wasiwasi. Utani huo una kiini cha makala nyingine.)

Mambo ya haraka

Watu husema Tk ni mbaya kwa sura. Wijeti zake za awali kweli zinafanana na kompyuta za miaka ya 1990. Tangu toleo la 8.5 la mwaka 2007 kuna wijeti mpya ziitwazo ttk, zinazovaa sura ya mfumo wa kompyuta husika kwenye Windows na Mac. Tumia hizo, na suala limekwisha. Kupanga wijeti kuna mbinu kuu mbili, pack na grid. Usizichanganye ndani ya fremu moja. Na ukiiambia programu ipange maneno elfu ishirini kwa mkupuo, dirisha litaganda hadi kazi iishe, kwani ni mkono uleule unaopanga na unaochora. Gawa kazi vipande vipande kwa amri ya after.

Leseni haina masharti ya kutisha: unaweza kutumia Tk, kuigawa na hata kuiuza ndani ya kazi yako. PyQt inakudai ufungue msimbo wako kwa leseni ya GPL au ulipe; PySide, inayotumia LGPL, ina masharti mepesi zaidi.

Msomaji asiyeona

Udhaifu wa mwisho ndio ulionifanya niandike makala hii. Katika kitivo chetu kuna mwenzetu asiyeona. Anatumia NVDA, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini, na kwa masikio ana uwezo wa kutambua toni kuliko wengi wetu. Nilipomletea programu ya kamusi, NVDA ilisoma kichwa cha dirisha, "Kamusi", ikanyamaza. Vitufe, visanduku, orodha: kwake hapakuwa na kitu. Sababu ni kwamba wijeti za Tk 8.6 hazijitambulishi kwa mfumo wa kompyuta. Kitufe cha Qt husema, chini kwa chini, "mimi ni kitufe, jina langu ni Hifadhi", na msomaji wa skrini husikia. Kitufe cha Tk ni mchoro tu.

Kwa toni nilipata njia ya mistari mitatu, na kwa ngeli nilipata jedwali. Hapa hakuna mistari ya kuongeza. Sauti niliyoweza kuibandika pembeni ingekuwa kumpa mtu fimbo mahali ambapo wengine wana mlango.

Kwa hiyo kazi nimeigawa. Sehemu ya kuwekea lebo matini, inayotegemea Text na lebo zake zinazopishana, imebaki Tk, na ninaitumia mwenyewe. Fomu ya kuingizia na kuhakiki maneno ninaihamishia Qt. Kupakua kulichukua usiku mzima na kifurushi cha intaneti cha wiki. Faili la maneno ni lilelile, kila neno katika umbo la NFD, na bila_toni inafanya kazi pande zote mbili bila kubadilishwa herufi. Mwenzetu ameshaanza kuhakiki toni za herufi m. Kwa motó na mɔ́tɔ hana pingamizi. Kuna maneno mengine manne ambayo anasema niliyasikia vibaya, na tumepanga kurudi kwenye rekodi wiki ijayo.